Panueni maji kwanza, samaki baadaye

Mheshimiwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya ndugu yetu wa Mbale iliyotoka katika ukurasa wako wa wasomaji, ile inayowaomba wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, wapige marufuku mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba za watu mijini. Anataja mbu, anataja watoto kuzama, na anauliza mtu wa Jinja anachimba shimo uani akitafuta nini ilhali Ziwa Victoria liko mlangoni pake. Naomba nafasi nimjibu. Nataka pia kusema na wenzangu wenye mabwawa, maana kiangazi hiki majembe yamekuwa mengi kuanzia Walukuba na Bugembe mpaka Kakira. Kila mtu anapanua, na upanuzi mwingi ninaouona unaanza na swali lisilofaa: “Nitaongeza samaki wangapi?”

Mimi ni mama mtu mzima wa Walukuba. Mume wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kiwanda cha nguo enzi ambazo nyumba zetu zilijaa watu wa kila kabila, Wasoga, Waganda, Waluo, Wanubi, Walugbara, na Kiswahili ndicho tulichoombania chumvi. Kazi yangu mimi ilikuwa samaki. Nilinunua kwenye mwalo wa Masese alfajiri, nikakaanga, nikauza, na watoto wangu wakasoma kwa pesa hiyo. Habari ya samaki wa ziwani sikusimuliwa na mtu.

Samaki wa ziwani wapo, lakini hawatufikii kama zamani. Sangara mkubwa anapimwa, anaingia kwenye lori lenye barafu, anakwenda kiwandani, na mnofu wake unapanda ndege. Kinachorudi mtaani ni kichwa na mifupa. Ngege naye, yaani tilapia, amekuwa chakula cha sikukuu. Tangu jeshi liwekwe ziwani mwaka 2017 kukomesha nyavu haramu, wale ngege wadogo ambao mama mwenye watoto sita aliweza kununua fungu zima hawauzwi tena hadharani. Silalamikii sheria ya nyavu. Niliona kwa macho yangu samaki wakizidi kuwa wadogo mwaka hadi mwaka, na ziwa lilihitaji kupumzishwa. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba samaki wamejaa hapa. Wengi wetu maji ya ziwa tunayaona tukiwa barabarani, na nyumbani tunapika mukene, yaani dagaa.

Wala mabwawa haya si mtindo wa jana. Kituo cha ufugaji samaki cha Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kilianzishwa mwaka 1953, na katika miaka ya 1950 na 1960 maelfu ya mabwawa madogo yalichimbwa nchini ili familia zipate kitoweo. Mengi yaliachwa baadaye yakaota nyasi. Wazee walionisimulia habari hizo wanasema vifaranga vilikuwa haba, samaki walidumaa, na mtu akikwama hakuwa na wa kumuuliza. Mambo hayo matatu yapo hata leo, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Sasa nieleze upanuzi wangu, kwa vipimo, ili mwenye kutaka kupinga apinge kwa vipimo.

Bwawa langu la kwanza lilikuwa mita 4 kwa 5, kuta zake zimesimama wima, maji yanafika katikati ya paja. Ni lita 12,000 hivi, yaani madumu 600 ya lita 20. Lilitosha kwa ngege 50 wa kula nyumbani. Nilipolipanua likawa mita 6 kwa 10, kina sentimita 80 upande maji yanapoingilia na kuzidi mita moja upande yanapotokea, na kingo nikazilaza zisiporomoke. Kwa sababu ya kulaza kingo, maji yake si lita 60,000 kama mtu atakavyodhani akizidisha haraka haraka. Ni kama lita 39,000, madumu yanayokaribia 2,000. Namsihi kila anayepanua afanye hesabu hii kabla hajamwita kijana wa jembe. Eneo linadanganya. Bwawa linaweza kuonekana pana na lisiwe na maji ya kutosha, hasa mtu anapochimba kwenda pembeni kwa sababu udongo wa juu ni laini, kisha akaacha chini kwa sababu amegonga maram, ule udongo mgumu wa changarawe.

Kina chini ya nusu mita kinaalika majani na kinamruhusu korongo aingie kwa miguu. Kupita mita 2 nako si vizuri kwa bwawa la nyumbani: chini kule mwanga haufiki, maji yanakuwa baridi na hewa haba, na akianguka mtu hakuna pa kusimama.

Watu walioniona nikipanua waliuliza kama nitaweka ngege 500 au 1,000. Msimu wa kwanza niliweka 100. Msimu wa pili 150, na hapo nimesimama. Ngege 2 au 3 kwa kila mita ya mraba ndicho kipimo cha bwawa la udongo lisilo na mashine ya kutia hewa, tena kama unalisha vizuri. Nilipanua ili hao wachache wapate nafasi ya kukua, wafike robo kilo na zaidi, niwavue wakiwa na nyama.

Sababu ni hewa. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo inatengenezwa mchana na ule ukijani wa maji, yaani vijimea vidogo vidogo, kwa nguvu ya jua. Usiku jua halipo, na ukijani wenyewe unageuka kuvuta hewa ile ile pamoja na samaki, pamoja na tope linalooza chini. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri. Anayetaka kujua kama bwawa lake limezidiwa aamke saa 11 na tochi. Akiwakuta ngege wamekuja juu, midomo wazi, wanagugumia kwenye ngozi ya maji, wala hawakimbii mwanga, basi hilo bwawa limejaa hata kama kwa macho ya mchana linaonekana tupu. Awanyime chakula siku hiyo na aongeze maji mapya mara moja. Tusisahau kwamba mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walielea wamekufa ziwani kwetu, na serikali ikaeleza kwamba ni upungufu wa oksijeni. Ziwa zima liliishiwa hewa mahali fulani fulani. Lita 39,000 za uani kwangu zina nguvu gani?

Jirani mmoja ameniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja. Alipanua bwawa lake likafika mita za mraba 40, akanunua vifaranga 1,000 kwa muuzaji aliyemhakikishia kwamba wote ni madume. Samaki 25 kwenye kila mita ya mraba! Hesabu ya chakula peke yake ingetosha kumzuia kama mtu angemwonyesha mapema. Ngege wa gramu 100 anakula kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Mia moja na hamsini wangu, wakifika gramu 100, wanataka karibu nusu kilo. Elfu moja wake wangetaka kilo 3 kila siku, na chakula cha vidonge vinavyoelea hakinunuliki kirahisi kwa mtu wa mshahara wa kiwandani. Akawa anawatupia pumba za mahindi. Halafu ikaonekana majike wamo, tena wengi. Jike la ngege halingojei kunenepa. Likifika miezi mitatu hivi linaanza kutaga, linaweka mayai mdomoni, linalea watoto humo humo mdomoni, linawaachia, na baada ya wiki chache linaanza tena. Bwawa likajaa visamaki vya urefu wa kidole, maelfu, vyote vina njaa, hakuna kinachokua. Ikaja wiki ya mawingu mfululizo, jua halikutoka, na asubuhi moja akakuta matumbo meupe yametanda juu ya maji. Muuzaji simu yake haikupatikana tena.

Nilimsaidia kuwazika wale samaki kwenye shamba la ndizi, na siku hiyo niliumia kana kwamba ni bwawa langu. Alikuwa ameweka humo fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ile shilingi milioni 1 nzima, na karibu yote ilikwenda kwa vifaranga na chakula. Hakubakiza ya bomba la kutolea maji wala ya tangi.

Kuhusu madume na majike: anayenunua vifaranga vidogo kama punje hawezi kujua, ni lazima amwamini mtu. Ndiyo maana mimi nawangoja wafike gramu 25 au 30, nawaweka kwenye ndoo, nawageuza mmoja mmoja kwa kitambaa kibichi. Chini ya tumbo, karibu na mkia, dume lina matundu mawili na jike lina matatu. Ukipaka wino kidogo wa buluu yanaonekana wazi. Wajukuu wangu wenye macho mapya wananishinda kwa kasi. Mmoja anageuza, mwingine anaita “dume” au “jike”, wa tatu anahesabu. Majike tunayala au tunawapa majirani, madume yanarudi majini. Makosa yanapita, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa naongeza kambare 10 wadogo kuliko ngege, wao wanakula watoto wanaozaliwa kwa bahati mbaya. Nasisitiza wadogo. Ukiweka kambare mkubwa, atakula mtaji.

Nirudi kwenye kuchimba, kwa sababu hapo ndipo mabwawa mengi yaliyopanuliwa yanapowaponza wenyewe.

Usivunje bwawa la zamani siku ya kwanza. Chimba sehemu mpya kando yake na uache ukuta wa udongo katikati, upana wa nusu mita au zaidi, samaki wakiendelea kuishi upande wa zamani. Chimba kiangazi, Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, mvua isije ikakujazia shimo kabla hujamaliza. Udongo wa juu wenye rutuba uweke pembeni, usiuchanganye na udongo wa kingo, kwa kuwa una mizizi na majani yatakayooza na kuacha njia za maji. Kingo zinataka mfinyanzi. Kuna kipimo cha wazee kisicho na gharama: lowesha udongo kidogo, ufinyange uwe tonge, urushe juu, uudake. Ukibaki tonge, udongo unafaa. Ukisambaa mkononi, una mchanga mwingi. Kipimo cha pili ni shimo la kina cha kiuno, ulijaze maji asubuhi, jioni ulijaze tena, ulifunike kwa majani ya mgomba. Kesho yake ukikuta maji mengi bado yapo, chimba bwawa lako kwa amani.

Mahali panapovuja ni kwenye kiungo, pale ukingo mpya unapokutana na ule wa zamani. Ukingo wa zamani umeota nyasi, na watu wanamwaga udongo mpya juu ya nyasi hizo. Nyasi zikioza chini ya udongo zinaacha uwazi, maji yanaupata. Kwangu tuliparua nyasi zote na mizizi yake, tukachimba mtaro mwembamba chini ya ukingo mpya mpaka tukafika kwenye mfinyanzi, tukajaza mtaro huo kwa mfinyanzi wenye unyevu, tukashindilia kwa kipande cha gogo, tabaka la sentimita 15, kisha jingine, kisha jingine. Vijana walichoka, na niliwalipa zaidi kwa kushindilia kuliko nilivyowalipa kwa kuchimba. Ukingo ule haujatoa hata tone.

Sehemu mpya ilipokwisha tuliinyunyizia chokaa ya kilimo kutoka Tororo, kama kilo 10, chini na kwenye kingo, kwa sababu udongo wa chini uliofukuliwa mara nyingi una uchachu. Vaeni glavu na mfunge kitambaa puani. Tukaiacha, tukaijaza maji, tukatia samadi kidogo iliyofungwa kwenye gunia, tukangoja maji yawe kijani. Kipimo cha ukijani ni mkono wako: zamisha kiganja mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, chakula cha asili kipo cha kutosha. Kikipotea kabla hata maji hayajafika nusu ya mkono, samadi imezidi na alfajiri utaamkia matatizo. Hapo tu, sehemu mpya ilipokomaa na ngege wachache tuliowatanguliza wakawa wazima, ndipo tulipovunja ukuta wa katikati. Tope la bwawa la zamani tulilitoa kwa karai tukalipeleka kwenye sukuma na matoke. Sijawahi kununua mbolea tangu hapo.

Jambo ambalo halizungumzwi kabisa ni maji ya kila siku. Jua letu linaweza kunyonya milimita 5 kwa siku kutoka kwenye uso wa bwawa. Kwenye mita za mraba 20 hiyo ni lita 100, madumu 5. Kwenye mita za mraba 60 ni lita 300, madumu 15, kila siku ya kiangazi, kabla hujahesabu kinachopenya ardhini. Anayebeba maji kichwani atajua mapema kwamba amepanua kazi. Kwa hiyo kabla ya kuchimba niliweka mifereji ya bati kuzunguka paa lote. Paa langu lina kama mita za mraba 50. Mvua moja ya milimita 30 inanipa lita 1,500, madumu 75, bila kumlipa mtu. Yanaingia kwenye tangi kwanza, halafu bwawani. Maji ya bomba nayo nayatumia nikibanwa, lakini yana dawa ya klorini, na lazima yakae wazi kwenye tangi siku mbili kabla ya kukutana na samaki. Tafadhali, asije mtu akapunguza kunyonywa na jua kwa kutandaza gugu maji. Nimeona mahali wakilileta kutoka ziwani eti litie kivuli. Sisi wa Jinja tunalijua gugu hilo, lilivyoziba ufuko na kusumbua hata mitambo ya umeme ya Owen Falls. Likifunika bwawa linazima jua, na hewa inakwisha.

Kwa wanaopata fedha za PDM na wanataka kupanua, ningeshauri sehemu kubwa iende kwenye mifereji ya paa, tangi, bomba la kutolea maji la inchi 4 lenye wavu, na kazi ya kushindilia. Vifaranga vije mwisho na viwe vichache.

Sasa mbu na watoto. Juu ya watoto namuunga mkono ndugu wa Mbale kwa moyo wote. Bwawa lisilo na uzio karibu na nyumba ni hatari, na likipanuliwa hatari inapanuka nalo. Langu limezungushiwa mianzi iliyofumwa, mlango una kufuli, na upande wa kina kirefu kuna kamba nene iliyofungwa kwenye mti. Kama LC wangeamua kwamba bwawa bila uzio lifukiwe, ningesimama mkutanoni na kunyoosha mkono. Mbu ni habari nyingine. Ngege wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu. Mbu anapata nafasi kwenye nyasi zilizoingia majini pembezoni, ambako samaki hafiki, na kwenye madimbwi, makopo na matairi ambayo hakuna anayeyapigia marufuku. Kata nyasi za ukingo kila wiki, basi.

Na walio jirani na ziwa au mto wasipanue kuelekea majini. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na tumeona nyumba zikibomolewa kwenye vinamasi. Mtu anaweza kutumia akiba yake yote kuchimba bwawa litakalofukiwa.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakubwa wa uvuvi. Utafiti wa samaki wa Afrika Mashariki ulianza hapa hapa Jinja mwaka 1947, na taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi bado ina makao yake mjini kwetu. Maarifa yote niliyoyaandika hapa yako kwenye makabati yao, yamechapwa vizuri, kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni. Karatasi moja tu ya Kiswahili, yenye mchoro wa ukingo na hesabu ya samaki kwa mita, ikibandikwa sokoni, Masese na kwenye ofisi za muluka, yaani parishi, kabla ya mvua za Machi, ingeokoa milioni nyingi za watu wadogo. Karatasi ya pili iwe na orodha ya wauzaji wa vifaranga waliokaguliwa. Jirani yangu angekuwa nayo, angejua aende wapi.

Wasomaji wa Busia, Tororo na Pallisa wenye mabwawa ya ukubwa huu, nami naomba msaada wenu kupitia ukurasa huu. Mnandi, yule ndege mla samaki anayepiga mbizi, mnamzuiaje? Kamba nilizotandaza juu ya maji ameshazizoea, na wavu wa kufunika unamnasa mdiria, yule ndege mdogo, nami sipendi afe. Kama kuna aliyepata njia, aeleze na vipimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mfuga ngege
Walukuba, Jinja